Maneti ya zamani kwenye mashine ya leo: ninavyoifufua mezani kwangu, Lubumbashi

Panya walikuwa wamekula kebo. Ndivyo maneti hii, yaani kidude cha kushika mkononi cha kuchezea michezo ya video, ilivyonirudia mikononi, ndani ya mfuko wa sukari, siku tulipohamisha vitu vya baba mdogo kutoka nyumba yake ya Kamalondo. Super Nintendo yenyewe, mashine ya michezo iliyokuja nayo, ilikuwa imekufa, haitoi hata mwanga. Baba mdogo aliileta kutoka Ubelgiji katikati ya miaka ya 1990, tukawa watoto 11 kwa maneti mbili, zamu kwa zamu, anayeshindwa anampa mwenzake. Kitufe cha njano, kile cha B, kimelainika na kung'aa kuliko vingine vyote kwa sababu ya vidole vyetu. Nilipokigusa nikaapa kwamba maneti hii haitaenda jalalani. Leo inacheza kwenye mashine mpya zaidi, Switch yangu na PS3, na kwenye kompyuta, na kazi yote niliifanya kwa vifaa vya fundi simu wa kawaida. Nitaeleza njia nzima, pamoja na pale nilipoharibu, ili wewe usiharibu.

Meza yangu ya simu iko soko la Kenya. Kenya hii ni komini ya Lubumbashi, ndugu wa Nairobi wasishangae. Jioni nafungua chumba cha michezo nyumbani Katuba, PS3 mbili na Switch moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Watoto wananiita Yaya, kwetu maana yake ndugu mkubwa, na neno ninalolisikia kila siku ni hili: "Yaya, maneti haitumike tena, bouton ya kulia inakatala." Wanasema kweli. Maneti za bei ndogo zinazoingia kwa makatoni kupitia mpaka wa Kasumbalesa hazivumilii. Wiki ya tatu msalaba, kile kitufe cha kuelekeza, umelegea, mtoto anabonyeza kulia, mchezaji anaruka juu. Maneti ya baba mdogo imepita miaka 30 na msalaba wake bado unajua kulia ni wapi.

Msalaba huo aliubuni Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya kimchezo cha mkononi cha Donkey Kong, mwaka 1982. Ni kipande kimoja cha plastiki kinachokaa juu ya kinundu katikati. Ukikandamiza kulia, kushoto kunainuka, basi huwezi kubonyeza pande mbili zinazopingana hata ukitaka. Kwa michezo ya kurukaruka na ya ngumi, ile inayotazamwa kwa ubavu, sijashika kitu bora kuliko hiki. Kwa michezo ya kutembea huku ukigeuza macho pande zote haifai, haina vijiti, na kwa hiyo maneti mpya bado utazihitaji.

Hata watengenezaji wamerudi huko. Nintendo walianza kuwauzia wenye Switch maneti isiyo na waya ya umbo la Super Nintendo mwaka 2019, na ya Nintendo 64 mwaka 2021. Hyperkin waliirudisha ile maneti nene ya Xbox ya kwanza mwaka 2018. 8BitDo wanauza bodi (kibao cha umeme cha ndani) ndogo ya Bluetooth unayoiweka mahali pa bodi ya zamani, ndani ya ganda lilelile. Kama una dada Brussels anayeweza kukutumia bodi hiyo, ichukue, ni kazi ya bisibisi tu. Mimi nilitaka bodi ya asili ibaki, kwa sababu bodi hiyo inaeleweka. Ukishaielewa moja, hutaogopa nyingine.

Jua kwanza mashine ipi itakubali

Fanya hivi kabla hujatoa hata franga moja. Kompyuta na PS3 zinapokea karibu maneti yoyote ya USB inayojitambulisha kwa utaratibu wa kawaida. Switch inachagua zaidi, lakini ina mlango: inaikubali maneti ya waya ambayo kampuni ya HORI iliitengeneza kwa mchezo wa Pokkén Tournament, na haiiulizi siri yoyote. Kwa hiyo programu nyingi za mafundi huiambia Switch, "mimi ndiyo ile ya HORI," nayo inafungua.

PS4 haiko hivyo. Inadai saini ya siri kutoka ndani ya maneti. Isiyo nayo inaachwa icheze dakika 8 kisha inafukuzwa. Xbox nayo, tangu Novemba 2023, inazuia vifaa visivyoidhinishwa. Vijana wawili walishaniletea maneti zao wakitaka zicheze kwenye Xbox, nikawarudishia bila kuzifungua. Kwa mashine hizo nunua adapta iliyoidhinishwa au acha.

Kifaa kikuu cha kununua ni bodi ndogo inayoitwa Pro Micro, yenye chipu ya ATmega32U4. Chipu hiyo inajua kuongea USB yenyewe, haihitaji msaidizi. Ziko za aina mbili, ya volti 5 na ya volti 3.3, na kwa sura ni pacha. Chukua ya volti 5, kwa sababu maneti ya Super Nintendo imezoea volti 5. Ukiwa dukani omba waichomeke kwenye USB, uweke mita ya umeme kati ya VCC (volti) na GND (ardhi). Ukisoma karibu 5, lipa.

Kufungua na kuosha

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Watu wengi wanakimbilia waya na programu, halafu wanashangaa kitufe kinasita. Nyuma kuna skrubu 5 za kichwa cha msalaba. Laza maneti uso chini, toa skrubu, inua mgongo polepole. Kebo inapita katikati ya vigingi vya plastiki ikijikunja kama nyoka; ipige picha kwa simu kabla hujaitoa, maana mkunjo huo ndio unaozuia mtu akivuta kebo asing'oe waya kwenye bodi.

Nilipoinua bodi ya maneti yetu nilikuta utando wa kahawia umezunguka kila kitufe: jasho, mafuta ya mikate ya asubuhi, na vumbi letu jekundu la kiangazi, vimeshikana kama gundi. Chini ya msalaba kulikuwa na unywele mmoja mrefu. Nilikaa nao kidogo. Ulikuwa wa mmoja wetu.

Ganda na vitufe vya plastiki vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usugue kwa mswaki mkuukuu. Mipira, ile inayokaa chini ya vitufe, nayo ni maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, lakini kwa kidole tu, bila mswaki. Tazama mgongo wa kila mpira: kuna kidonge cheusi. Hicho ni mpira uliochanganywa na kaboni, unapitisha umeme. Ukibonyeza kitufe, kidonge kinagusa njia mbili zilizopakwa kaboni kwenye bodi, na njia zinaungana. Maneti nzima inategemea mguso huo.

Kifute kidonge kwenye karatasi nyeupe ya kawaida yenye unyevu wa alkoholi, mara mbili au tatu, hadi karatasi iache kuchafuka sana. Kwenye bodi tumia pamba ya masikio na alkoholi ya famasia. Ile ya asilimia 70 inatosha, ila ina maji, basi iache ikauke nusu saa. Usikwaruze kaboni ya bodi kwa kisu wala kwa msasa. Niliwahi kufanya hivyo kwenye maneti ya mteja, nikadhani weusi ule ni uchafu. Nilikuwa naondoa njia yenyewe. Nilimlipa.

Baada ya kukauka, pima. Weka ncha mbili za mita kwenye njia mbili za kitufe kimoja, laza mpira juu, bonyeza kwa kidole kama unavyocheza. Kanuni yangu ni hii: ikisoma ukinzani chini ya kilo-om 1 naiacha, ikiruka juu na kushuka kila ninapobonyeza narudia kuosha. Mpira uliochoka kabisa unaweza kuupaka kalamu ya risasi, ile laini. Itafanya kazi wiki kadhaa, kisha utapaka tena. Dawa ya kudumu ni mpira mwingine kutoka maneti iliyokufa, na ndiyo sababu situpi maneti iliyokufa.

Ganda lililogeuka njano mimi naliacha. Watu wanalipausha kwa hidrojeni peroksidi na jua, nalo linakuwa jeupe kweli, lakini unjano huwa unarudi, na anayekosea kipimo anabaki na madoa.

Waya tano

Maneti ya Super Nintendo inatumia waya 5 tu: volti 5, ardhi, saa, komeo na data. Ndani yake kuna chipu inayofanya kazi kama mwalimu wa zamu anayeita majina. Mashine ikigusa waya wa komeo kwa muda mfupi, sehemu 12 za milioni za sekunde, chipu inashika hali ya vitufe vyote kwa mara moja. Halafu kila pigo la waya wa saa linaita jina moja, na jibu linatoka kwenye waya wa data. Mpangilio haubadiliki: B, Y, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, A, X, L, R. Vitufe ni 12, na baada yake kuna nafasi 4 tupu, jumla 16. Kitufe kilichobonyezwa kinajibu kwa volti sifuri, kilichoachwa kinajibu kwa volti 5. Maneti ya NES, mashine ya Nintendo iliyotangulia, inafanya vilevile kwa majina 8, basi ukijua hii umejua na ile.

Sasa kosa langu kubwa. Kabla ya kugusa maneti ya baba mdogo nilitaka kujaribia kwenye nyingine, ya kuiga, niliyoipata sokoni. Nilikuwa na picha kwenye simu inayoonyesha rangi za maneti ya asili: nyeupe ni volti 5, njano ni saa, chungwa ni komeo, nyekundu ni data, kahawia ni ardhi. Nikaunga kwa rangi. Aliyetengeneza ile ya kuiga alikuwa na rangi zake. Nilikuwa nimepeleka umeme kinyume. Chipu ilipata moto hadi kidole kikaruka, harufu ikajaa mezani, na kwisha. Baba yangu, aliyetengeneza redio maisha yake yote na ndiye aliyenifundisha kulehemu, aliniambia zamani: "Mwana, usiangarie rangi, angaria fasi inaenda." Nilikuwa nimesahau.

Kwa hiyo usiutupe mdomo wa kebo, ile plagi ya kuingia kwenye mashine, hata kama panya wamekula katikati. Ushike uso wake ukikutazama. Upande mmoja umekatwa mraba, una matundu 4. Upande wa pili umeviringwa, una matundu 3. Hesabu kuanzia upande wa mraba: la kwanza ni volti 5, la pili saa, la tatu komeo, la nne data. La tano na la sita hayatumiki. La saba, mwisho kabisa kwenye mviringo, ni ardhi. Menya waya za kipande kilichobaki na mdomo, weka mita kwenye mlio, gusa tundu na waya, andika rangi kwenye karatasi. Kisha thibitisha ardhi kwa upande wa bodi: ardhi inafika kwenye njia moja ya kila kitufe, basi mita ilie kila unapogusa. Ikiwa kebo yako ni nzima usiikate. Tafuta kebo ya kurefusha, ukate hiyo, maneti ibaki kama ilivyozaliwa.

Kebo mpya niliitoa kwenye kipanya cha kompyuta kilichokufa. Kebo ya USB ina waya 4 ndani na, ikiwa ni nzuri, wavu wa shaba unaozizunguka. Waya 4 nikazipa volti, saa, komeo na data. Wavu nikaupa ardhi. Tano zimetimia. Risasi ya kulehemu ya zamani kwenye bodi niliinyonya kwa shaba iliyosukwa, niliyoichuna kwenye kebo ya antena. Mji wa shaba hatununui shaba. Weka ncha ya chuma cha kulehemu sekunde mbili au tatu tu kila tundu, maana bodi za zamani zinaachia njia zake ukizichoma sana.

Upande wa Pro Micro niliunga volti kwenye VCC, ardhi kwenye GND, saa kwenye mguu (pini) namba 2, komeo namba 3, data namba 4. Kabla ya kuchomeka, pima kati ya VCC na GND. Mita ikilia, kuna waya zimegusana, rudi nyuma.

Programu, na umeme uliokatika

Pakua programu ya Arduino kwenye kompyuta, na humo chagua bodi ya Leonardo, ambayo ina chipu ileile. Programu za Super Nintendo kwenda USB ziko tayari mtandaoni, za bure, ila soma ndani yake uone miguu gani inatumia, ubadilishe namba zifanane na zako. Mimi niliandika yangu kwa sababu nilitaka kuona kila jibu likipita, na nikanaswa mahali ambapo wengi wananaswa. B haisubiri pigo la saa. Mara komeo linapoachiliwa, jibu la B liko tayari kwenye waya. Unasoma kwanza, halafu unapiga saa. Mimi nilipiga kwanza. Matokeo yake kila kitufe kilihama nafasi moja: nikibonyeza Y mashine inaona B, nikibonyeza B haioni kitu. Ukikuta vitufe vyako vimehama hivyo, usifungue maneti, rekebisha mstari huo mmoja.

Jambo jingine: kwenye programu, mguu wa data uwashiwe kizuizi cha ndani kinachouvuta juu. Bila hicho, kebo ikilegea data inaelea hewani, na mchezo unajibonyeza wenyewe.

Pakia programu kompyuta ikiwa na betri. Yangu ilikuwa haina, umeme ukakatika katikati ya kupakia, na uliporudi kompyuta haikuiona bodi kabisa. Nililala nikidhani nimepoteza fedha. Asubuhi nikajua dawa: chukua kipande cha waya, gusanisha RST (mguu wa kuwasha upya) na GND mara mbili haraka haraka. Bodi inaamka kwa sekunde 8 na kusubiri programu, na ndani ya sekunde hizo unapakia tena. Nilifanikiwa mara ya nne. Mdogo wangu alikuwa anahesabu kwa sauti, mimi nashika kipanya.

Kwa Switch programu ni nyingine, ile inayojiita ya HORI, na nyingi zimejengwa juu ya maktaba ya programu iitwayo LUFA. Namba za miguu ni zilezile. Kibebeo cha Switch, kile cha kuiunganisha na televisheni, kina matundu ya USB, chomeka hapo. Mimi nina bodi mbili, moja ya Switch na moja ya PS3 na kompyuta. Kwa hiyo kati ya maneti na bodi niliweka plagi ndogo ya waya tano, badala ya kulehemu moja kwa moja.

Kujaribu na kufunga

Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye kidirisha cha kuendesha amri, utaona taa za vitufe. Bonyeza kimoja kimoja, kisha viwili pamoja, kisha zungusha kidole juu ya msalaba taratibu. Taa zizunguke bila kuruka. L na R zikisita peke yake, usilaumu programu. Vitufe hivyo vya begani viko kwenye vibao vidogo vilivyolehemewa pembeni ya bodi kubwa, na viungo vyake vinapasuka kwa kubonyezwa miaka mingi. Yangu ya L ilikuwa hivyo. Tone dogo la risasi mpya lilimaliza tatizo.

Pro Micro niliiweka ndani ya kopo la vidonge, nikatoboa kifuniko. Usisahau gundi ya moto kuzunguka tundu la USB la bodi hiyo, limeshikwa kidogo sana na mtoto mmoja tu anayevuta kebo anaweza kuling'oa pamoja na njia zake.

Ukirudisha skrubu, kwanza izungushe kinyume taratibu hadi uisikie ikidondoka kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo uikaze, kwa vidole viwili tu. Plastiki ya miaka 30 ikipasuka uzi wake hairudi. Pitisha kebo mpya kwenye vigingi kama ilivyo kwenye picha uliyopiga. Kama ni nene kuliko ya zamani, funga fundo la uzi wa nailoni kabla ya kigingi cha mwisho.

Na kebo usiizungushie maneti unapomaliza kucheza, inavunjika shingoni. Ikunje duara kubwa, uifunge kwa mpira. Yangu naitundika juu ya msumari ukutani, mbali na sakafu, mahali panya hawafiki.